Mbaazi Iliyopaswa Kufa

Tulipomzika Bi Sauda mwaka huu, nilikaa na wanawake wenzangu ndani, nyumbani kwa mdogo wake Magomeni, kwenye chumba kilichoondolewa makochi na kutandikwa mikeka. Nyuma yangu mabibi wawili nisiowajua walikuwa wananong'ona. "Yule mwenye miwani ni nani?" akauliza mmoja. "Si yule mpangaji wake wa Kariakoo, aliyekuwa anafuga mbaazi zife." "Zife za nini?" "Nitajuaje mie? Marehemu alikuwa akikueleza unamwelewa kabisa, ukifika kwako umeshasahau." Nilijifunika khanga nikacheka, na dada aliyekaa pembeni yangu akadhani nalia, akanipapasa mgongo. Hakukosea sana, maana nilikuwa nafanya yote mawili. Nimefundisha vijana wengi tangu wakati ule, na wameniuliza maswali mengi kwa maneno makubwa, lakini hakuna aliyeuliza vizuri kama yule bibi. Zife za nini? Naandika sura hii nimjibu, taratibu, kama ningemjibu pale mkekani kama isingekuwa msiba.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo cha kilimo, nimepanga chumba katika nyumba ya Bi Sauda. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi Kariakoo kabla ya maghorofa kuzimeza: baraza mbele, ujia katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye bomba na jiko. Dirisha langu lilitazama ukuta wa stoo ya vitenge, karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa, kwa hiyo hata mchana niliwasha taa. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mbwana, fundi redio, ambaye hakuwahi kuwa na redio moja inayolia. Zililia kadhaa kwa pamoja, kila moja stesheni yake. Asubuhi harufu ya tui ilipita chini ya mlango kabla ya sauti ya mtu yeyote. Bi Sauda aliuza mandazi na mbaazi za nazi barazani. Mbaazi zililazwa kwenye maji tangu jana yake, zikachemshwa mpaka punje ikibanwa kwa vidole viwili isalimu amri, ndipo likamiminwa tui la pili, na mwisho kabisa tui zito, moto ukiwa mdogo, bila kukoroga sana. Wachukuzi, wauza vitambaa na makarani wa maduka walikaa mstari mmoja ukutani, kila mtu na sahani yake ya bati, na kwa muda ule mfupi hakuna aliyemwuliza mwenzake bei ya kitu chochote.

Kazi yangu ilikuwa mtaa wa pili, kwenye duka la nafaka na mbegu la Mzee Kanti. Alikuwa Mhindi wa Upanga, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa mjini hapa hapa na anayejua kila gunia lake limetoka wilaya gani kwa kulinusa. Mchana mkewe, Mama Nisha, alituletea chakula kwenye makopo ya bati yaliyopandana, wali juu, mboga katikati, na chini kabisa mchuzi mwepesi wa mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, wenye limau, bizari na sukari guru kidogo. Mara ya kwanza nilipouonja niliuliza ni nini. Mzee Kanti akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mbaazi hii hii, Rehema. Gunia hili unalokalia. Nyinyi mnaitia nazi, sisi tunaivua nguo." Kwa hiyo siku moja nilikuwa nala mbaazi mara mbili, katika majiko mawili ambayo hayakuwahi kuonana, na sikuwahi kuichoka. Nalisema hili ili msomaji ajue sikuwa naulinda mmea wa kwenye kitabu.

Mwaka ule wakulima kutoka kusini walikuja dukani na malalamiko ya aina moja. Mbaazi inaota vizuri, inarefuka, inaanza kutoa maua, halafu inanyauka imesimama, leo mmea huu, kesho ule wa jirani yake. Ugonjwa huo unaitwa mnyauko, na unaletwa na kuvu, jamaa ya ule ukungu unaouona kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kuvu hii inakaa ardhini miaka mingi hata kama hakuna mbaazi ya kula. Ukipanda, inaingia kwa mizizi, inapanda ndani ya mirija inayopeleka maji juu, na kuiziba. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Ukilipasua shina lake utaona mistari ya kahawia inayoelekea kuwa myeusi, kama bomba lililoshika kutu. Na ukatili wake ni kwamba unasubiri: mkulima ameshapalilia, ameshahesabu watoto wake watakula nini, ndipo shamba linainamisha kichwa.

Asubuhi moja Mzee Kanti aliniita ofisini. Mezani palikuwa na pakiti ndogo ya dawa ya unga, ya kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda. Mzigo mkubwa wa dawa hiyo ulikuwa njiani kuja. "Wewe una cheti," aliniambia. "Tutafunga upya, tutaweka lebo yetu. Andika hapa: kinga kamili ya mnyauko wa mbaazi. Chini weka jina lako, mtaalamu wa mbegu. Watu wakiona mtaalamu wanaamini."

"Haikingi mnyauko, Mzee."

"Karatasi ya kule inakotoka inasema inaua kuvu."

"Inailinda mbegu isioze ikiwa changa. Mnyauko unakuja miezi baadaye. Mbegu imeshakuwa mti, dawa imeshakwenda na mvua."

Akaigeuza pakiti mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na sitamwandika hivyo sasa kwa kuwa hayupo kunijibu. "Rehema, mkulima anaingia hapa mikono mitupu. Anataka kitu. Mimi nina pakiti. Wewe una nini cha kumpa?"

"Sina kitu," nikasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba ninacho."

Tulikubaliana, kama kule kununiana kunaweza kuitwa makubaliano. Rafiki yake mmoja, Dakta Temba, alikuwa mkuu wa kitengo cha mbaazi kwenye kituo cha utafiti. Kabla ya mzigo wa dawa kufika atamwomba aje mjini. Kama nitakuwa na jambo la kumwonyesha, lebo itabaki bila maneno yale. Kama sina, nitaliandika jina langu au nitatafuta kazi kwingine.

Jambo nililokuwa nalo kichwani lilikuwa hili. Mbaazi tunayokula imelelewa na watu kwa vizazi na vizazi. Kila msimu mtu alichagua: punje kubwa, ganda lisilopasuka lenyewe, utamu. Lakini anayechagua kwa ulimi haoni mizizi. Katika safari ndefu kama ile vitu vingine vilidondoka njiani bila mtu kujua. Mbaazi ina jamaa zake waliobaki porini, na wao hawakulelewa na yeyote. Mbuzi waliwala, jua likawapiga, kuvu ikawaingia. Walioshindwa walikufa bila kuacha mbegu. Waliopo leo ni watoto wa walioshinda. Basi huenda mmoja wao bado ana nguvu ya kuihimili kuvu ambayo mbaazi yetu imeipoteza, na kwa kuwa ni ndugu, chavua ya mmoja inaweza kupakwa kwenye ua la mwingine wakazaa. Nasema huenda. Kuwa wa porini si dawa. Ni lazima umjaribu.

Mmoja wa jamaa hao nilimkuta nikienda kazini, kwenye uzio wa reli kule Gerezani. Kilikuwa kitambaazi chembamba chenye manyoya, majani matatu matatu, ua la njano kama kibiriti kilichowaka. Nilikuwa nimekipita mara nyingi. Siku hiyo nilichuma jani, nikalisugua viganjani, na harufu iliyotoka ilikuwa harufu ya jani la mbaazi, ile ya utomvu mkali inayobaki vidoleni hata ukinawa. Nilisimama pale watu wakinipita na mizigo, nanusa mkono wangu kama mtu aliyepotewa na akili. Mtunza mimea mikavu wa chuo kikuu aliniwekea kielelezo changu pembeni ya vyake vya zamani, akatazama kwa lenzi, akasema ni yeye, jamaa wa mbaazi, wengine wako vichakani upande wa Kigamboni. Nikavuka nikachukua na wa huko. Maganda yake madogo yakikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo niliyafunga kwa vijifuko vya kitambaa yakiwa bado kwenye mmea. Mbegu zenyewe zina ngozi ngumu ambayo maji hayapiti, mpaka uzichune kidogo ubavuni. Nilitumia kikata kucha. Nilikaa uani na mkebe magotini, na Mbwana akapita na waya begani. "Kariakoo nzima watu wanakimbizana na maisha," akawaambia wapangaji wengine, "Dada Rehema anazikata mbegu kucha. Bado kuzisuka nywele."

Kilichobaki kilikuwa udongo wenye ugonjwa. Mkulima mmoja wa Lindi aliniletea magunia ya udongo mweusi kutoka shamba lililomfia, pamoja na mashina yake makavu niliyoyakatakata na kuyachanganya humo ili ugonjwa uje haraka kuliko shambani. Kituo cha utafiti kilikataa kuupokea, na kilikuwa na haki: hakuna mtu mwenye akili anayeleta ugonjwa karibu na mashamba yake. Ndiyo maana kazi ile ilifanyika Kariakoo. Mjini katikati hakuna shamba la kuambukiza. Mbaazi zote za Kariakoo ziko kwenye sufuria. Bi Sauda alinipa ukuta mmoja wa uani, nikapanga ndoo tupu za rangi, nikazijaza. Katika kila ndoo nilipanda mimea miwili, mmoja wa porini, na pembeni yake mbaazi ya aina ambayo inajulikana haina uwezo wowote mbele ya mnyauko.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule bibi. Ukiona mmea wa porini umesimama mzima kwenye ndoo, unajuaje kama umeushinda ugonjwa? Labda ugonjwa wenyewe haumo. Labda udongo ulikauka njiani ukafa. Kwa hiyo unapanda pembeni yake mmea dhaifu ambao kazi yake ni kufa. Kifo chake ndicho ushahidi kwamba adui yumo ndani. Huyo dhaifu akipona, wewe huna habari ya kumpelekea mtu. Niliwaeleza hivyo watu wote wa nyumba ile, kwa uvumilivu, na wote waliitikia kwa kichwa.

Wa Kigamboni walianza kunyauka mapema, pamoja na mbaazi dhaifu walizokaa nazo. Sikusikitika, nilishasema kuwa wa porini si dawa. Wa Gerezani walibaki wakitambaa juu ya ukingo wa ndoo, wakati mbaazi za pembeni yao zilikuwa zinageuka njano kutoka chini, majani yakining'inia kama mikono ya mtu aliyechoka. Bi Sauda alikuwa hawezi kuvumilia. Alikuwa mwanamke ambaye paka wa jirani akiugua alimtengenezea uji.

"Mwanangu, hicho kina kiu."

"Hakina kiu, Bi Sauda. Ni mgonjwa."

"Kwani mgonjwa hapewi maji?"

"Nimempa. Hayapandi. Naomba uviache vife."

"Vife," akasema, akiwa ameshika kata mkononi. "Uani kwangu. Haya." Na nikamsikia baadaye akimwambia mteja barazani, "Msichana mzuri, ana adabu, anasali. Sijui huko chuoni waliwafundisha nini."

Siku ya ugeni ilifika kabla ya mzigo wa dawa. Niliondoka mapema kwenda dukani, maana Mzee Kanti alitaka tumpokee Dakta Temba pamoja na kuja naye kwa gari. Niliviacha vitu vikiwa sawasawa: wa porini kijani, mbaazi zimekauka, nyingine zimebaki fimbo. Tuliporudi, baraza lilikuwa limepigwa deki, mkeka mpya umetandikwa uani, birika linafuka. Bi Sauda alikuwa amevaa doti mpya. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba zikapita, chai ikamiminwa, ndipo nikageuka kuelekea ukutani. Kila ndoo ilikuwa na mbaazi ya kijani kibichi, imenyooka, inang'aa kwa maji.

Dakta Temba, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, alichuchumaa na kikombe chake mkononi. "Zile dhaifu ni zipi?"

"Hizo," nikasema.

"Mbona nzima?" Akagusa jani moja, akagusa la pili. Akainuka, magoti yakilia. "Binti, udongo wako hauna kitu. Una bustani nzuri, hongera. Lakini hauna kitu."

Mzee Kanti akanigeukia. Aliniangalia tu kwa huruma, na ile huruma iliniumiza kuliko kama angenicheka. Nilishika mbaazi moja nikaing'oa. Ilitoka bila taabu, na mizizini ilikuwa na donge la mchanga mweupe. Udongo wa Lindi ni mweusi na mzito. Nikamtazama Bi Sauda, aliyesimama mlango wa jikoni na sinia la mandazi, anatabasamu kama mama wa bibi harusi.

"Bi Sauda," nikauliza polepole, "zile zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Zile zilizokauka? Nimezing'oa, mwanangu. Wageni wanakuja kutazama kazi yako, wakute maiti ukutani? Watasema hata kumwagilia hujui. Hizi nimezifuata kwa mdogo wangu Magomeni, zimejiotea zenyewe chini ya uzio. Nimechagua zilizolingana."

"Na zile umezitupa wapi?"

"Nizitupe, kuni nzuri vile?" Akaelekeza kidevu kwenye birika. "Si ndiyo chai hiyo."

Wote watatu tulitazama vikombe vyetu. Nyuma ya mlango wa Mbwana mtu alianza kukohoa kwa nguvu, akazima redio zote ili asikie vizuri. Dakta Temba akakiweka kikombe chini. "Basi huna jaribio," akasema. "Sisemi unadanganya. Nasema huna cha kunionyesha." Na Mzee Kanti akaongeza kwa sauti yake ya chini, "Jumatatu, Rehema. Lebo."

Bi Sauda aliuona uso wangu. Sinia likashuka kidogo. "Nimekuharibia?" akauliza, na mbele ya wageni wake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, sauti yake ilikuwa ndogo. Nadhani ningekuwa nimepewa nafasi ya kufikiri ningesema kweli. Lakini nilikuwa na hasira, na haikuwa hasira juu yake. Ilikuwa juu ya urahisi ambao wale wanaume wawili walikuwa wameshafunga jambo na kuanza kutafuta viatu vyao. "Hujaharibu," nikasema. Nilisema kabla sijajua kwa nini, na nilipokwisha kusema ikabidi nijue.

"Dakta, umeziona hizi mbaazi kwa macho yako. Nzima?"

"Nzima."

"Mbaazi za kienyeji kama hizi za Magomeni hazina kinga yoyote."

"Hazina. Hiyo najua."

"Basi ziache hapo hapo zilipo. Mimi sikuzichagua wala sikuzipanda, kwa hiyo huwezi kusema nimezichezea. Kama udongo wangu hauna kitu, zitakua. Kama una kitu, zitakufa, na wewe mwenyewe ni shahidi kwamba ziliingia zikiwa nzima. Njoo tena."

Akafikiri. Naheshimu watu wanaofikiri mbele za watu. "Zimeng'olewa na kuhamishwa," akasema. "Zitakufa kwa kuhamishwa, si kwa kuvu."

"Bi Sauda, zimebaki nyingine?"

"Zipo jikoni, nimeziloweka," akasema haraka. "Nilichukua na za akiba."

Nikajaza ndoo mbili udongo safi wa bustani, nikazipanda hizo za akiba mbele yao. Zimeng'olewa siku moja, uzio mmoja, mkono mmoja. Kama kuhamishwa kunaua, zitakufa zote. Na kama baadhi zitakufa, tutapasua mashina tutazame mistari. Dakta Temba alitoa msumari mfukoni mwa Mbwana, aliyekuwa ameshatoka nje bila aibu, akakwaruza alama yake ubavuni mwa kila ndoo. "Nitarudi baada ya mfungo," akasema. Mzee Kanti akasimama. "Mimi mzigo wangu haufungi," akasema. "Sitasubiri mimea ife, Rehema."

"Basi tafuta jina jingine la kuweka kwenye lebo."

"Unajua maana yake."

"Naijua, Mzee."

Lebo ilitoka na jina la mtu mwingine. Wakulima walinunua, na mashamba yao yaliinamisha kichwa msimu uliofuata kama uliotangulia, na sikupata furaha yoyote kwa hilo. Naandika ili vijana wanaosoma wajue kwamba kukataa hakuleti malipo papo hapo. Mimi nilianza kukuna nazi. Bi Sauda alinipa mbuzi na kazi, na kodi hakuitaja. Siku moja mchana, kabla mfungo haujaanza, makopo ya bati ya Mama Nisha yalifika barazani bila salamu, mchuzi wa mbaazi chini kabisa kama kawaida. Bi Sauda aliuonja kwa ncha ya kijiko. "Sukari," akasema kwa mshangao. Akaonja tena. "Mwambie asante."

Wiki za kwanza zilinitesa. Mbaazi zote zililala, za udongo safi na za udongo mgonjwa, nikajua Dakta alikuwa sahihi. Kisha zote zikainuka, nikaona hilo ni baya zaidi. Zilisimama kijani, zikatoa majani mapya. Mbwana alizipitia kila asubuhi kama mganga wa wodi. "Dada, hizi zimegoma kufa. Zimesikia maneno mliyosema." Bi Sauda sasa alikuwa mlinzi. Nilimsikia barazani akimkemea mpangaji aliyetaka kumwaga maji ya kunawia pale: "Mkono wako usifike. Hizo zina hesabu zao. Hizi mbili zinatakiwa kuishi, hizi zinatakiwa kufa, na yule mwenye manyoya ndiye tunayemtazama." Nilisimama ujiani na kipande cha nazi mkononi. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kueleza jaribio kwa ufupi kuliko hivyo.

Karibu na mwisho wa mfungo aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita mwenzake chumbani kwa mgonjwa. "Rehema. Njoo. Mmoja ameanza." Jani la chini lilikuwa la njano. Siku chache baadaye lingine, kwenye ndoo nyingine. Aliketi kwenye kigoda akazitazama. "Sijui nikupe pole au hongera," akasema. Nikamwambia anipe vyote. Mbaazi kwenye udongo safi zilikuwa zimefika kiunoni mwangu.

Dakta Temba alirudi peke yake. Alikagua alama zake za msumari kwanza, kisha akaomba kisu na sinia. Alipasua mbaazi iliyokauka: mistari myeusi kutoka mizizini mpaka juu. Akapasua moja ya udongo safi: nyeupe, yenye maji. Halafu akaomba ruhusa, na naikumbuka sana ile ruhusa, akapasua kitambaazi kimoja cha Gerezani kilichokuwa kimeishi ndani ya udongo ule ule muda wote. Shina lake lilikuwa jeupe tupu. Alilizungusha kwenye mwanga. Bi Sauda akasogea karibu, na Mbwana, na mteja mmoja ambaye sahani yake ilikuwa bado mkononi.

"Huyu ana kitu," Dakta Temba akasema mwishowe. "Sijui ni nini, na kukitoa kwake kukiingiza kwenye mbaazi ni kazi ya miaka. Watoto wa kwanza watakuwa na punje ndogo, chungu, maganda yanapasuka. Utawazalisha na mbaazi tena na tena mpaka wawe watu. Lakini ana kitu." Akatoa bahasha ya kaki, akaifungua mdomo. "Nipe mbegu zote ulizonazo. Kituo kitazitunza vizuri kuliko hapa."

Vijifuko vya kitambaa vilikuwa vimejaa, nimevifunga pindoni mwa khanga. "Nitazileta mwenyewe," nikasema.

"Hatuna nafasi ya kazi, binti. Nakwambia mapema usije ukasumbuka."

"Sijaomba nafasi. Nimesema nitazileta."

"Na ukishazileta?"

"Nitazichuna, nitazipanda, nitasubiri zichanue. Siku ya kupaka chavua mtatafuta mtu, na mimi nitakuwa nimeshafika."

"Mbegu ni za taifa, si zako."

"Ni kweli. Taifa likinipa kiti nitakaa. Lisiponipa nitasimama. Lakini haziingii kwenye hiyo bahasha."

Alimgeukia Bi Sauda, mtu mzima kwa mtu mzima, apate msaada. Bi Sauda alikuwa anafuta kisu kwa upindo wa khanga. "Dakta, mie simo," akasema. "Ila mara ya mwisho mtu kuigusa mimea ya huyu bila mwenyewe kuwepo, chai yake uliinywa."

Dakta Temba alitazama sinia, mashina meupe na meusi yaliyolala pamoja. Kisha akaikunja bahasha mara mbili, ikiwa tupu, akairudisha mfukoni, na kuniuliza kama najua basi la kwenda kule kituoni kwake linaondoka saa ngapi.